Chanjo isiyo chanjo: Kiswahili cha kliniki na damu ya akina mama

KATIKA safu hii nimewahi kulalamikia tafsiri mbovu za matangazo ya biashara na za hotuba za wanasiasa. Tafsiri hizo huudhi tu, haziui mtu. Leo nataka kuhakiki matini fupi mno, kijikaratasi cha ukurasa mmoja kilichoandikwa kwa Kiswahili na kugawiwa wajawazito katika baadhi ya kliniki za kaunti za Kisii na Nyamira. Sitasema kilikotoka, kwa kuwa kasoro zake si za mtu mmoja wala za ofisi moja. Ni kasoro za Kiswahili chetu cha afya kwa jumla, na ukifungulia redio kipindi cha daktari chochote kile, utazisikia.

Kijikaratasi hicho kinazungumzia sindano wanayopaswa kudungwa akina mama wenye damu ya resusi hasi, yaani wale ambao kadi zao za kliniki zina alama ya kutoa baada ya herufi ya kundi la damu. Ni wachache katika nchi hii, asilimia ndogo tu, lakini kila kliniki inao. Dawa iliyomo katika sindano hiyo ni protini ya kinga ambayo wataalamu huiita imunoglobulini, nayo hutengwa kutoka katika damu ya watu waliojitolea. Mwandishi wa kijikaratasi anaiita dawa hiyo "chanjo." Anasema hupatikana kwa "kusafisha damu." Kisha anaongeza kwamba inatokana na "damu iliyogandishwa." Maneno matatu, na kila mojawapo lina njia yake ya kumpoteza msomaji.

Tuanze na hilo la kwanza, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa zaidi.

Chanjo imetokana na kuchanja, na kuchanja ni kutia chale ngozini. Neno hili la kale limepanuka likabeba maana ya kisasa bila taabu yoyote: ile dawa inayoufunza mwili kumtambua adui kabla hajafika, ili siku akifika, mwili uwe tayari una silaha zake wenyewe. Mama wa Ogembo au wa Kebirigo anaijua maana hii vizuri. Amempeleka mtoto kuchanjwa dhidi ya ukambi na polio, na anafahamu kwamba mwili wa mtoto ndio unaofanya kazi baadaye. Anafahamu pia kwamba zipo chanjo ambazo ukishazikamilisha, umezikamilisha.

Sasa hebu tuitazame sindano ya mama mwenye resusi hasi. Ikiwa mtoto aliye tumboni ana resusi chanya, basi wakati wa kujifungua, na mara nyingine kabla ya hapo, chembe nyekundu za mtoto huvuja zikaingia katika damu ya mama. Mwili wa mama huziona kuwa ngeni, ukajifunza kuzipiga vita. Mtoto huyo wa kwanza kwa kawaida hunusurika. Ni yule wa pili au wa tatu anayeathirika, kwa maana mwili wa mama umeshajifunza, na silaha zake hupenya hadi kwa mtoto zikaangamiza chembe zake za damu. Mtoto huweza kuzaliwa na upungufu mkubwa wa damu, na manjano kali, au akafia tumboni. Sindano hutolewa ili chembe za mtoto zifagiliwe kabla mwili wa mama haujapata fursa ya kuzijua. Kwa maneno mengine, chanjo huufunza mwili. Sindano hii huuzuia mwili usijifunze! Kuiita chanjo si kukosea kidogo. Ni kusema kinyume chake.

Tena kinga hiyo haikai. Protini iliyotoka kwa mtu mwingine hupungua mwilini kwa takriban nusu kila baada ya wiki tatu, na baada ya miezi michache imekwisha. Kwa hiyo sindano lazima irudiwe katika kila ujauzito: aghalabu karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana resusi chanya. Huhitajika pia mimba ikiharibika.

Nilizungumzia jambo hili na muuguzi mmoja mstaafu kule Nyamira, omong'ina aliyewazalisha wanawake kwa miaka mingi, nikamuuliza kama kweli neno moja linaweza kuleta tofauti. Alicheka. "Mwalimu, ukimwambia mama ni chanjo, anakuuliza kama ni ya mara moja. Mimba ya pili ukimwita, anakwambia, mimi hiyo nilishachanjwa, ona kovu." Kumbe kovu alilokuwa akionyesha ni la chanjo ya kifua kikuu aliyopewa utotoni.

Yafaa tukiri kwamba mwandishi wa kijikaratasi hakuwa na mahali pazuri pa kukimbilia. Neno la karibu lilikuwa kinga, na kinga limechoka. Limebebeshwa mzigo mkubwa tangu lilipoingizwa katika kifupisho cha UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Kampeni za afya zikalichukua tena, zikalifanya jina la mpira wa kondomu: kijana akiambiwa atumie kinga, haelewi kitu kingine. Kule nyuma kabisa kuna kinga nyingine, ile ya methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo, ambayo ni kijinga cha moto wala haihusiani na kujilinda. Na kuna kukinga maji ya mvua kwa ndoo. Neno lenye kazi nyingi hivyo linahitaji msaidizi.

Msaidizi huyo alikwisha kuundwa: kingamwili. Ni istilahi nzuri, fupi, na muundo wake unaeleweka. Tatizo ni kwamba waandishi wetu hawajaamua inasimamia kitu gani. Wakati wa janga la korona ungeweza kusoma gazetini kwamba mgonjwa ana kingamwili dhaifu, yaani uwezo wake wote wa kujilinda umepungua, kisha katika ukurasa unaofuata ukasoma kwamba kingamwili zimepatikana katika damu yake, yaani zile protini zenyewe. Hiyo ya kwanza ni jeshi zima. Ya pili ni mishale. Rai yangu ni kwamba kingamwili libaki kuwa jina la mishale, na jeshi liitwe mfumo wa kinga. Tofauti hii ikipotea, huwezi kabisa kumweleza mtu kwamba mishale ya jeshi moja inaweza kuchotwa ikapewa jeshi jingine.

Neno la pili lilikuwa kusafisha. Kijikaratasi kinasema dawa hupatikana kwa kusafisha damu. Katika Kenya ya leo, kusafisha damu ni mambo mawili. Kwanza ni ile huduma ya mashine wanayopewa wagonjwa wa figo mara mbili au tatu kwa wiki. Pili ni yale majani, mizizi na maganda yanayouzwa sokoni na stendi za matatu, ambayo muuzaji huapa kuwa yanasafisha damu, yanaondoa sumu na kurudisha nguvu. Msomaji akiambiwa kwamba dawa yake imetokana na damu iliyosafishwa, ana haki ya kuuliza: kumbe ilikuwa chafu? Ilitoka kwa nani? Wapo wanaopendekeza kutakasa. Mimi naona kutakasa kunanukia ubani; ni neno la madhabahuni na msikitini. Kinachofanyika kiwandani si kuondoa uchafu katika damu. Ni kukitoa kitu kimoja kizuri miongoni mwa vitu vingine vizuri. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina kutenga, na kwa wale wapendao neno la jikoni, kuna kuengua.

Neno la tatu, kugandisha, lina utata ambao sijaona ukijadiliwa ipasavyo. Damu inayotoka kidondani huganda. Maji yakiwekwa katika friza huganda. Mafuta ya nyama sahani ikipoa huganda. Kiingereza kina neno kwa kila tukio. Sisi tuna kitenzi kimoja, na kwa kawaida muktadha hututosha. Hapa hautoshi. Sehemu ya majimaji ya damu huhifadhiwa hospitalini ikiwa imegandishwa kwa baridi kali, na mojawapo ya kazi zake ni kumsaidia mgonjwa ambaye damu yake haigandi. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa jamaa wa mgonjwa bila kumchanganya! "Damu iliyogandishwa" kwa sikio la wengi ni bonge jeusi. Hakuna anayetaka bonge lidungwe mwilini mwake. Ingetosha kusema "iliyohifadhiwa katika barafu" au "katika friza."

Nimetaja sehemu ya majimaji, na hapa pana mgogoro mwingine. Baada ya chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani kuondolewa, hubaki kiowevu cha rangi ya manjano hafifu ambacho ni kama asilimia 55 ya damu. Kiowevu hicho kwa Kiswahili kinaitwaje? Nimekutana na plasma, plazima, utegili, na maji ya damu. Utegili ni neno la wanaistilahi, na wanafizikia nao wamelichukua kwa ile hali ya nne ya maada, kwa hiyo limekuwa fumbo mara mbili. Sijawahi kumsikia muuguzi akilitumia. Maji ya damu linavutia kwa wepesi wake, lakini husikika vibaya: tunasema damu ya fulani imekuwa maji tunapomaanisha kwamba imepungua nguvu. Ukimwambia mchangiaji kwamba unataka maji ya damu yake, atadhani unachukua makapi, ilhali kila lita ya makapi hayo ina gramu kati ya 7 na 16 za kingamwili za aina ile inayotafutwa zaidi viwandani. Mimi nachagua plazima. Limetoholewa vizuri, linafuata silabi zetu, na halimdanganyi mtu.

Ekegusii, kwa taarifa yako msomaji, huita damu amanyinga, na neno hilo liko katika ngeli ya wingi pamoja na maji na maziwa. Kiswahili tulikopa damu kutoka Kiarabu, tukaiweka katika ngeli isiyoonyesha wingi wala uchache. Sisemi kwamba sarufi huwafanya Wakisii kuijua biolojia. Ila ni rahisi zaidi kumwambia mtu kwamba amanyinga ni mchanganyiko wa vitu vingi.

Na maziwa ndiyo yatakayotusaidia sasa. Abagusii wana maziwa yao ya kibuyu yaitwayo amabere amaruranu. Maziwa hukaa yakachacha, asidi ikapanda, na inapofika kipimo fulani, karibu na pH 4.6, protini kuu ya maziwa hushindwa kuendelea kuelea. Hujishikashika, ikajitenga na maji yake. Wakati mwingine tukio hili hutokea pasipo kutakiwa, chai ikiwa jikoni na wageni sebuleni, na kila mpishi kutoka Kisii hadi Lamu hulitamkia neno moja: maziwa yamekatika.

Hivyo ndivyo plazima inavyotengwa. Miaka ya 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, mwanakemia Edwin Cohn wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani alibuni njia ya kuikatisha plazima hatua kwa hatua. Alitumia ethanoli, ambayo ndiyo kileo kilekile kilichomo katika chang'aa, pamoja na baridi na asidi. Ethanoli ikiwa asilimia 8, protini inayogandisha damu hukatika ikatua chini. Ikiongezwa hadi asilimia 25 katika baridi ya nyuzi 5 chini ya sufuri, hutua fungu lenye kingamwili. Ikifika 40, na asidi ikasogezwa hadi pH 4.8, hutua albumini, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisakwa kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa. Baridi ni ya lazima. Kileo katika joto huziharibu protini kama yai linavyoharibika katika kikaango. Njia za kisasa zimeongeza vichujio na hatua za kuua virusi, na plazima ya maelfu ya wachangiaji huchanganywa pamoja, lakini msingi bado ni ule wa Cohn.

Ona basi tulichokitupa. Tuna kitenzi ambacho kila mama anakijua kwa macho na kwa pua, kukatika, kinachotaja tukio lenyewe hasa la protini kujitenga na maji yake. Wanaistilahi wetu wamekipita wakielekea maktabani. Najua wenzangu watasema kukatika kuna maana nyingi: umeme hukatika, kamba hukatika, na wachezaji ngoma hukatika viuno. Sawa. Lakini hata mkondo una maana nyingi, na hilo halijawazuia mafundi kusema mkondo wa umeme.

Turudi kwa mama wetu na sindano yake, maana bado hatujaipa jina. Wataalamu hutofautisha kinga ambayo mwili umejiundia na kinga ambayo mwili umepewa tayari. Tafsiri za moja kwa moja ambazo nimeziona, kinga tendi na kinga tuli, hazimwambii mtu lolote. Napendekeza kinga ya kuazima. Waswahili walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, mwenyewe ataitaka. Mama akiambiwa kwamba amepewa kinga ya kuazima, hahitaji mhadhara kuhusu wiki tatu. Anajua kwamba cha kuazima hakikai.

Na tuna ushahidi wa karibu kwamba kinga huazimika kweli. Mwaka 1961, Cohen, McGregor na Carrington walichapisha matokeo ya majaribio ya Gambia: walitenga kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima waliokuwa wameishi na malaria maisha yao yote, wakawadunga watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua kwa kasi. Mwaka 1963 wakaonyesha kwamba kingamwili za Afrika Magharibi zilifaa pia kwa watoto wa Afrika Mashariki. Mtu wa nyanda za juu za Gusii anapaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Kwa kuwa mbu hawakuzoea baridi ya milimani, wenyeji hawakuwa na kinga ya malaria kama majirani zao wa ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Ndiyo maana mlipuko ukitokea milimani huwaangusha hadi watu wazima.

Kinga ya kuazima pia inamkumbusha mama kwamba kuna aliyeazima. Kenya haina kiwanda cha kutenga protini za plazima. Kusini mwa Sahara, kazi hiyo inafanywa Afrika Kusini, na sindano zetu huagizwa kutoka nje. Nyuma ya kila kichupa kuna watu. Mmoja wao alikuwa James Harrison wa Australia, aliyefariki mwaka 2025, ambaye alichangia mara 1,173 hadi alipofikisha umri wa miaka 81, kwa kuwa plazima yake ilikuwa na kingamwili hii adimu.

Kuna wasomaji wengine ambao kijikaratasi kimewanyima haki kwa kuandika "damu" kila mahali. Mashahidi wa Yehova hukataa kuongezewa damu nzima, chembe zake na plazima. Kuhusu protini zilizotengwa kutoka katika plazima, imani yao humwachia kila mtu aamue kwa dhamiri yake. Mama wa imani hiyo akisoma "damu iliyosafishwa" atakataa papo hapo. Akisoma "protini iliyotengwa" atakuwa na jambo la kufikiria. Uamuzi ni wake, lakini auamue kwa maneno sahihi.

Ningepewa kalamu, ningekiandika kijikaratasi hivi: "Sindano hii si chanjo. Ni kinga ya kuazima. Ndani yake mna kingamwili zilizotengwa kutoka katika plazima ya watu waliojitolea. Inamlinda mtoto utakayemzaa baadaye. Hudumu miezi michache tu, kwa hiyo utadungwa tena katika kila mimba, hata kama ulidungwa mimba iliyotangulia. Mimba ikiharibika, rudi kliniki upesi." Mtu wa darasa la nane ataisoma, na mhudumu wa afya ya jamii ataweza kuihamishia Ekegusii bila kukwama.

Lililobaki linalonisumbua ni hasi. Katika hisabati halina neno, lakini kamusi inatuambia kwamba kuhasi ni kumwondolea mnyama uwezo wa kuzaa, na sasa tunamwandikia mwanamke mjamzito kwamba damu yake ni hasi. Yule muuguzi wa Nyamira aliniambia yeye hulikwepa kabisa. Huionyesha ile alama kwenye kadi kwa kidole, akasema, "Hapa kwako hakuna kitu ambacho mtoto huenda anacho," kisha akaendelea na maelezo. Nimejaribu kutafuta neno moja litakalofanya kazi ya sentensi hiyo. Bado sijalipata, na mwenye nalo aniandikie.